Jina Nililompa Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mchungaji Ambroise amesema kila mwanafunzi wa staji, mafunzo ya vitendo, awe na daftari la kuandikia yale asiyoweza kumwambia msimamizi wake. Msimamizi wangu ni yeye. Basi na tuone.

Tuko wawili mwaka huu, mimi Masengo na Théo. Fakulte ya theolojia imetuleta hospitalini hadi Krismasi, tujifunze uaumônier, yaani kuwachunga wagonjwa kitandani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nane kati yake nimefundisha shule ya msingi, nikadhani kukaa na wagonjwa hakutanishinda kama nilikaa na watoto sitini katika darasa moja.

Kazi yenyewe ni hii: unamtembelea mgonjwa, unatoka, unaandika mazungumzo yote kama yalivyosemwa. Mstari wa "Mimi", mstari wa "Yeye", hata kikohozi kiandikwe. Karatasi hiyo inaitwa verbatim. Jina la kweli la mgonjwa haliandikwi kamwe.

"Mumupatie jina ingine," Mchungaji akatuambia. "Lakini mukamate jina na akili. Hapa kwetu jina haiko nguo ya kuazima."

Théo akacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepewa kitanda cha kumi na moja. Mzee wa reli aliyestaafu. Wafanyakazi wa gare, kituo cha treni, walimshusha kwenye treni akiwa amezimia, wakamwacha hapa. Hana garde-malade, mtu wa kumuuguza. Wagonjwa wengine wote wana shangazi au binti anayewapikia bukari, yaani ugali, uani, yeye anakula anachobakiziwa. Chini ya mto kuna kofia kuukuu ya kazi, na mtu akiigusa anaishika kwa nguvu.

Nilikaa saa nzima. Nilimsalimu, nikasoma zaburi, nikamuuliza kama anaumwa. Hakutamka neno. Saa tisa mvua ikapiga mabati, tukaisikiliza wote wawili.

Alhamisi, 7 Novemba

Kesho verbatim ya kwanza. Théo ameandika kurasa sita, na mgonjwa wake amelia mara mbili. Ananionyesha kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake.

Mimi nina nini? Zaburi na mvua.

Basi nimeandika. Nakiri mbele ya Mungu na daftari hili kwamba nimeandika kisichosemwa. Si maneno mengi: mzee anaangalia mlango, anauliza, "Treni imefika?" Nami namjibu vizuri sana, kama kitabuni. Nilipofika mahali pa jina la mgonjwa, kalamu yangu iliandika *Kyungu* kabla sijafikiri.

Kyungu lilikuwa jina la baba yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mchungaji amesifu. "Huyu mzee anangojea muntu," amesema. Théo amenuna. Nilikula vizuri mchana.

Jumatatu, 11 Novemba

Niliingia saa nane na nusu. Mzee alikuwa ameuelekea mlango. Kabla sijavuta kiti akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika:

"Treni imefika?"

Nilifurahi! Niliita Mama Mira, muuguzi mkuu wa wodi, aje asikie. Ni mama mnene asiyeshangaa kitu, miaka ishirini yumo humu. Akasema, "Ah, Papa Lumbu, sasa unapata kinywa?" Ndivyo jina lake lilivyo kwenye fiche yake ya hospitali: Lumbu Edmond.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka niliandika nini Alhamisi. Halafu nikajikemea. Mtu wa reli atauliza nini kama si treni?

Alhamisi, 14 Novemba

Verbatim ya pili. Leo mzee alisinzia muda wote. Nimeandika tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi bado naiona ndefu. Nimemfanya Kyungu aseme: "Miguu iko baridi. Funga ile dirisha."

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 18 Novemba

Ameniambia: "Miguu iko baridi. Funga ile dirisha."

Hakuna dirisha karibu na kitanda cha kumi na moja. Kuna ukuta mtupu uliopakwa rangi ya kijani. Madirisha yote yako upande wa pili. Nilipoandika Alhamisi nilikuwa mezani kwa mama, nikalitia dirisha lile kwa uzembe tu, ili chumba kionekane chumba. Naye leo aliunyoshea ukuta kidole.

Nilishika blanketi lake upande wa ukutani. Lilikuwa limelowa.

"Mabati inavuja," akasema Mama Mira, akaangalia juu. Dari ilikuwa kavu. Akaliangalia blanketi, kisha akaleta jingine.

Jumanne, 19 Novemba

Sikwenda. Nilisema nina malaria.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika polepole ili nisikosee.

Nilipanga leo nisiseme wala nisiandike chochote, niwe kama kiti. Wodi ilikuwa na kelele, mama mmoja alikuwa anagombania sufuria. Mchana mweupe, jua limetoka kati ya mvua mbili. Mzee akafungua macho, akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Chef de gare," akasema. "Billet yangu iko hapa."

Akanipa mkono mtupu, kiganja juu.

Hilo sikuliandika popote. Nilipokuwa na miaka sita baba yangu alikuwa serre-frein, mfunga breki, kwenye treni za mizigo. Kila akirudi nyumbani nilisimama mlangoni na kumdai tiketi, naye alinipa jani, kizibo cha chupa, au kiganja kitupu, na kuniita chef de gare, mkuu wa kituo. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Nilipofika miaka tisa alihamia Kaniama kwa mwanamke mwingine, na mchezo ukaisha.

Nilimuuliza Mama Mira kama mzee huwaita watu wengine chef de gare.

"Hapana, haitake muntu vile. Minyi nikimuita Papa Lumbu, anaangalia tu ukuta. Ni weye tu anasemeshaka."

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya ibada nilimweleza mama yote. Alikuwa anapepea mbabula ili makaa yashike. Mama yangu, Tshala, ni wa nyimbo za Kimethodisti na usafi wa vitambaa, hapendi habari za mizimu. Nilidhani atanicheka. Aliacha kupepea.

"Uliuliza nani?"

"Kuuliza nini, mama?"

"Jina ya mufu habapatianake ovyo, Masengo. Mutoto akizaliwa, bakubwa banaikala, banaongea, banangojea ndoto, njo banasema: huyu iko fulani amerudia. Kisha banamusalimia mutoto na heshima ya ule muzee. Weye ulikamata jina ya baba yako, ukaipatia muntu muzima mwenye iko na jina yake! Bila kuuliza muntu!"

"Ilikuwa karatasi ya masomo tu."

"Ulimuita. Amekuya. Sasa unashangaa nini?" Akauchukua upepeo tena, akapepea kwa hasira hadi majivu yakaruka. "Na minyi sitaki kusikia ile jina katika hii nyumba."

Miaka ishirini na mitano hajalitaja. Hata leo hakulitaja.

Jumatano, 27 Novemba

Niliambia daftari hili mengi, hili bado.

Miaka sita iliyopita ujumbe ulitoka Kaniama: baba anakufa, anamwita Masengo. Nilijibu kwamba niko na mitihani shuleni. Alikufa baada ya siku nne. Hayo ndiyo watu wanayojua, hata mama.

Leo mzee amenishika kidole kwa mkono wake mzima.

"Uko na examens," amesema. "Haina shida."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye mvua mbele ya wanawake wote wanaopika, wakadhani mgonjwa wangu amefariki, wakaanza kunipa pole.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeelewa ninachoweza kufanya, na tangu jana sili.

Nikiandika, anasema. Basi naweza kuandika ninachotaka kukisikia. Leo, mezani kwa mama, nimeandika mstari mmoja kwenye karatasi peke yake, bila Mimi, bila tarehe:

*Yeye: Haina shida, mutoto wangu. Nilikuwa nangojea.*

Sijaipeleka popote. Imo ndani ya Biblia yangu. Nikishaingia nayo wodini Jumatatu, nitasikia sauti ya baba yangu ikinisamehe. Nani asingetaka? Niambieni nani.

Jumatatu, 2 Desemba

Niliingia na Biblia kifuani. Daktari alikuwa amemwinamia mzee, anampima akili.

"Papa, jina yako ni nani?"

"Kyungu," akasema mzee.

"Kazi?"

"Serre-frein."

Daktari akatazama fiche. Mama Mira akanivuta kando, karibu na ndoo za maji. Hakuwa yule asiyeshangaa.

"Masengo, sikia. Mapafu yake inajaa maji. Hatamaliza wiki mbili. Fiche inasema Lumbu, yeye anasema Kyungu. Akikufa, tutazika nani? Na kama iko na batoto mahali, batamulilia nani?"

Nilikuwa nimefikiria msamaha wangu wiki nzima. Sikuwa nimemfikiria kabisa mtu aliyelala pale. Alikuwa na mwili, kofia, maisha ya miaka sabini, nami nilimtoa mle ndani kama mpangaji ili nimwingize wangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Karatasi niliichoma jioni kwenye mbabula ya mama. Aliniona, akasogeza sufuria kando.

Jumanne, 3 Desemba

Mficha uchi hazai. Nilikwenda kwa Mchungaji Ambroise nikasema yote: verbatim za uongo, jina, dirisha, chef de gare. Nilimwambia tangu mwanzo hadi mwisho bila kukaa.

Alitoa karatasi zangu kwenye faili, akazipanga sawa juu ya meza.

"Ile siku ya kwanza hakusema kitu?"

"Hapana, Mchungaji. Ilikuwa zaburi na mvua."

"Ungeniletea ile zaburi na ile mvua. Karatasi mutupu ningeipokea. Mugonjwa akinyamaza, tunaandika: amenyamaza. Ile njo kazi yetu, binti yangu, haiko kusemea bantu."

Akaniambia staji hii haitahesabiwa, nitairudia mwakani. Nilitegemea hilo. Sikutegemea lililofuata. Hakuniambia ni mawazo yangu, wala uchovu. Yeye pia ni Muluba kama sisi, mtoto wa gare, amejifunza theolojia hadi ng'ambo. Aliweka kidole juu ya jina kwenye karatasi.

"Kesho umurudishie jina yake. Na ule mwingine umuage. Usimufukuze, umuage. Ulishamuaga?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema.

Jumatano, 4 Desemba

Saa nane na dakika arobaini. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi wodi ikawa kama machweo, lakini ilikuwa mchana. Théo alikuwa kitanda cha nne, namshukuru kwa kuwepo kwake na kwa kutogeuka kunitazama. Mzee alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima.

Niliketi. Nikasema, "Papa Lumbu."

Ukuta.

"Papa Lumbu Edmond. Jambo."

Akageuza kichwa taratibu. Uso ulikuwa wa mzee wa kitanda cha kumi na moja, pua pana, kovu chini ya jicho. Tabasamu la upande mmoja halikuwa lake. Nalijua. Lilikuwa linaingia mlangoni kwetu na harufu ya mafuta ya breki.

"Chef de gare."

"Papa Lumbu, minyi nakuita weye."

"Lumbu haiko," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemjibu mgeni aliyekosea nyumba. "Ikala, chef de gare. Treni ingine itapita kesho."

Mvua ikaanza. Hewa baridi ilinigusa shingo kutoka upande wa ukuta, na pindo la shuka likatikisika. Nilitamani kuketi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilitamani kumwachia mwili ule na kuketi naye hadi mwisho, jina la mwingine likafie mbali. Baba yangu alikuwa pale, hakuwa na haraka, na hakuwa ananidai chochote.

"Unisikie, baba," nikasema. Nilikuwa nalia, makamasi na yote. "Hii kitanda iko ya muntu. Minyi njo nilikosa, nilikuita mahali haiko yako. Unisamehe ile."

"Usiniache tena," akasema.

Ee Mungu.

"Baba, siko na examens. Hata ile wakati sikuwa na examens. Zilikuwa zimeisha Siku ya Pili ya ile juma. Ujumbe wako ulifika Siku ya Ine. Nilikuwa nyumbani, nilikuwa nafua nguo. Sikukuya juu ya hasira. Ulituacha, na minyi nilikuwa na hasira."

Sijawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Tabasamu lilibaki pale kwa muda wa pumzi mbili hivi. Nilingoja. Sikujua nangojea nini, nilingoja tu, kidole changu mkononi mwake.

"Wende muzuri, baba," nikasema. "Kyungu, wende muzuri."

Kidole changu kikaachiwa. Shuka likatulia. Na macho ya mzee yakanitazama kama yanavyomtazama mtu yasiyemjua, yakaanzia viatuni hadi kichwani.

"Weye njo nani?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine, nzito, ya mtu aliyezoea kuamuru.

Nilifuta uso kwa kiganja.

"Minyi njo aumônier, Papa Lumbu."

"Ah." Akapapasa chini ya mto, akatoa kofia, akaigeuza. Kwenye kitambaa cha ndani kulikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya bic. "Niko na mutoto. Exaucée. Iko Kinkondja. Tuligombana. Umuite."

Kama baba yangu alisikia habari ya mitihani, sijui. Sitajua.

Alhamisi, 5 Desemba

Nilimpata Exaucée kwa simu mara ya nne. Upepo wa ziwa huko Kinkondja ulikuwa unakata maneno.

"Mama, haiwezekane. Samaki iko ku moto, nikiacha zinaoza zote. Mumuambie nitakuya mwezi ingine."

"Minyi pia nilisemaka vile," nikamwambia. "Kwa baba yangu. Nilisema niko na examens."

Nilisikia watu wakiita, na maji.

"Alingojea?"

"Siku ine."

Akakata simu. Sikupiga tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Papa Lumbu ameomba chumvi kwenye bukari. Blanketi ni kavu.

Jumamosi, 7 Desemba

Kimya. Nimeandika: amenyamaza.

Jumatatu, 9 Desemba

Amekuja. Mtumbwi, kisha pikipiki, kisha miguu pale pikipiki ilipozama. Matope hadi magotini na kifurushi cha samaki wakavu mgongoni, mwanamke mrefu mwenye pua ileile pana. Hakumsalimu mtu. Alisimama miguuni pa kitanda, akaanza kusema haraka kuhusu njia, daraja, mvua, kama mtoto aliyechelewa darasani.

Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kuondoka, sikuondoka.

Papa Lumbu alimwacha amalize. Kisha akamwambia:

"Haina shida, mutoto wangu. Nilikuwa nangojea."

Neno kwa neno. Karatasi ile niliichoma mwenyewe, niliyaona majivu. Nilijua pia, palepale, kwamba sentensi ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale na matope yake, analia. Iliniuma sana, na nilifurahi kwa ajili yake.

Jumatano, 11 Desemba

Papa Lumbu Edmond amefariki saa sita mchana, binti yake akimshika. Amezikwa jioni kwa jina lake. Exaucée ameniachia samaki wanne.

Jumatatu, 16 Desemba

Staji imekwisha kwa Théo. Amenikumbatia na hakutania. Mama Mira anasema mgonjwa mpya wa kitanda cha kumi na moja, kijana wa pikipiki aliyevunjika mguu, analala vizuri. Aliuliza tu siku ya kwanza nani alifunga dirisha.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimemwambia mama kwamba kesho napanda pikipiki ya Kaniama, na nikamwambia habari ya zile nguo nilizokuwa nafua. Alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye nilimkuta anawafunga samaki wawili wa Exaucée katika gazeti, kwa kamba, mafundo mawili.

"Umupelekee Kyungu," akasema. "Alipendaka ya Kinkondja."

Jumamosi, 21 Desemba. Kaniama

Kaburi liko nyuma ya shamba la mahindi. Mwanamke wake alinionyesha njia, akarudi nyumbani. Nimeweka samaki. Naandika hapahapa, karatasi inaloa.

Jina la mgonjwa: Kyungu, jina lake la kweli.

*Mimi:* Jambo, baba. Njo minyi. Examens zilikuwa zimeisha.

*Yeye:* (Amenyamaza.)

*Mimi:* Nimefika.

*Yeye:* (Amenyamaza. Mvua.)

Nilikaa saa nzima. Sikuongeza neno.